Alama ya Penseli

Bibi yangu alilijua yai viza kwa kuliinua tu mbele ya kibatari. Lililokuwa tupu alilitoa, mengine akamrudishia tetea. Wafugaji wa chatu nao hufanya vivyo hivyo: huzima taa, humulika yai kwa tochi, hutafuta mishipa myekundu. Baada ya hapo njia yao na ya bibi hutengana. Tetea huyageuza mayai yake kutwa. Yai la chatu likigeuzwa, kiinitete kilichokwisha jishikiza juu kinaweza kufa. Ndiyo maana mfugaji huchora alama ya penseli juu ya kila yai, kama lilivyotagwa, na alama hiyo itazame juu hadi siku ya mwisho.

Naustahi ufundi huu kwa kuwa nusu yake ni kuizuia mikono. Chukua yule chatu mdogo wa Ghana, Togo na Benin, anayejikunja kama mpira akiogopa. Jike mwenye mimba hugoma kula, hulala kwa mkao wa ajabu, tumbo juu. Asiyemjua atadhani anaumwa. Kisha hujivua gamba, na hapo mfugaji huanza kuhesabu: mwezi mmoja, pengine zaidi kidogo. Asubuhi moja humkuta amejiviringa kama kata juu ya mayai, mara nyingi manne hadi kumi, maganda laini kama ngozi, yamegandana donge moja.

Wengi huyahamishia kwenye kasha la kutotolea, nyuzijoto 31 au 32, unyevu wa kutosha. Sawa, lakini mama naye ni fundi. Huko Paris, mwaka 1841, mwanazuolojia Valenciennes alimpima chatu aliyekuwa akiatamia, akakuta mwili wake una joto kuliko hewa. Mwaka 1966 watafiti wakaeleza siri ya chatu wa Burma: hukaza na kulegeza misuli, anatetemeka, na baridi ikizidi hutetemeka kwa kasi zaidi. Nyoka, damu baridi!

Baada ya siku 60 hivi, ganda huchanwa kwa jino dogo la puani. Kichwa hutokeza, ulimi ukionja hewa, kisha kinarudi ndani. Mtoto hukaa humo siku nzima au zaidi, akimalizia kiini. Mfugaji huchungulia, hufunika kasha, huondoka. Akirudi hukuta ganda limenywea, alama ya penseli imekunjamana juu yake.