Msomaji husema ‘amekufa’, mchezaji ‘nimekufa’

Jumamosi iliyopita mama yangu nusura aangushe kikombe cha chai. Mpwa wangu alikuwa sebuleni akicheza gemu, mara akapiga ukelele: “Nimekufa!”

“Ashindwe! Nani amekufa?” mama akauliza.

“Mimi, shosho,” kijana akajibu bila kubandua macho kwenye runinga. “Lakini nafufuka sasa hivi.”

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Mwezi mzima nimekuwa nikivutana na mwanafunzi wangu wa uzamili anayetaka kuandika tasnifu kuhusu michezo ya video. Nilimrudishia pendekezo lake nikiwa nimeandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mchezo usio na hadithi hauna cha kuhakikiwa, na wala hauwezi kumshika mtu kwa muda mrefu. Sasa naona nilikimbilia kalamu.

Tuchukue Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov jijini Moscow mwaka wa 1984. Vipande vya maumbo saba, kila kimoja kikiwa na miraba minne, hushuka kimoja kimoja. Unavigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa unatoweka. Ukikosea, makosa yako yanarundikana hadi juu na mambo yanaishia hapo. Hakuna mhusika wala mandhari. Hata hivyo, mwaka wa 1997 Janet Murray, katika kitabu chake Hamlet on the Holodeck, aliusoma mchezo huo kama taswira ya Wamarekani wa miaka ya 1990 waliolemewa na shughuli zisizokwisha. Mwaka wa 2001 Markku Eskelinen wa Ufini alimjia juu, akidai kuwa anaubandika mchezo hadithi isiyokuwemo badala ya kuutazama jinsi unavyochezwa.

Mimi naegemea kwa Eskelinen, ila sababu yangu ni ya kisarufi. Msomaji wa riwaya husema “amekufa”. Hata riwaya iwe imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, ukimsimulia mwenzako utasema “alifanya”, si “nilifanya”. Mchezaji naye husema “nimekufa”, “nimekufunga”, “umeniua bana”. Nenda kwa wacheza drafti wa mtaani wanaotumia vifuniko vya soda uwasikilize: “Nimekula mbili!” Hakuna anayeuliza kifuniko cha Fanta kinapigania nini. Bao nalo lina mashimo 32 na kete 64, na shimo moja la kila mchezaji huitwa nyumba. Ukitaka hadithi katika bao, utaambulia jina hilo na mengine machache. Wazee hukesha barazani wakilicheza vivyo hivyo.

Mwaka wa 2023 ulituletea jaribio zuri la jambo hili. HBO iligeuza gemu ya The Last of Us kuwa tamthilia ya runinga, na watu ambao hawajawahi kushika pedi wakaifuata kipindi baada ya kipindi. Mwaka huo huo ikatoka filamu iitwayo Tetris. Inasimulia nini? Mvutano kuhusu mikataba na haki za kuuza mchezo wenyewe! Vile vipande havikuwa na la kusimuliwa. Kisha Desemba, kijana Mmarekani wa miaka 13 akacheza Tetris ya Nintendo hadi ikaganda, binadamu wa kwanza kufika huko, na magazeti yakaandika. Hadithi ilipatikana, naam, lakini mhusika wake mkuu alikuwa mchezaji.

Je, hadithi ni mzigo tu basi? La. Mara nyingi, ni kweli, huwa kizuizi: mpwa wangu akiona wahusika wameanza kuongea hubofya kitufe cha kuruka kama mtu anayefukuza nzi. Ila The Last of Us, iliyotoka 2013, hakuiruka. Mwanzoni unamwongoza Sarah, msichana anayetafuta baba yake usiku ndani ya nyumba. Dakika chache baadaye unakuwa baba mtu, Joel, unakimbia ukiwa umembeba. Askari anafyatua risasi, na pedi mkononi haina kazi tena. Hapo mpwa wangu hakusema “nimekufa”. Alisema, “Sarah amekufa,” akaiweka pedi chini.

Karibu na mwisho, hospitalini, unamkuta daktari aliyejiandaa kumpasua Ellie, na hupiti bila kumuua. Hapo kiambishi kinarudi: “Nimemuua, na sikutaka.” Riwaya haiwezi kunifanyia hivyo, inaweza kunionyesha muuaji, haiwezi kuutumia mkono wangu. Kwangu, hadithi inayostahili kuwemo katika gemu ni ile inayomfanya mchezaji aione ni- yake ikiwa nzito. Nyingine zote ni matangazo ya biashara katikati ya mechi.

Lile pendekezo nimeliitisha tena. Nimemwambia mwanafunzi afute sehemu ya wahusika na mandhari katika Tetris (kweli aliiandika, kurasa sita!), achukue kinasa sauti aende kwenye vibanda vya PlayStation mtaani kwao ahesabu ni- na a-. Alirudi Jumatano akiwa na swali: wale wanaocheza wakiwa kikosi kimoja husema “tumekufa” hata kama aliyeuawa ni mmoja tu. Awaweke wapi? Hilo sikuwa nimelifikiria.