Kuijua Kabureta Iliyoshikwa na Fundi

Ukitoka Mbale kuelekea Kumi na Soroti, Nakaloke inakupokea mapema: maduka pande mbili za lami, steji za boda, na nyuma ya maduka gereji zenye sakafu ya udongo uliolowa oili miaka na miaka. Pikipiki zilizo nyingi ni Bajaj Boxer. Ila ukikaa kidogo utaziona zile zinazonipeleka mimi kule: Yamaha DT125 na AG100, Honda CG125, pikipiki kongwe zilizowahi kuwabeba mabwana afya na mabwana shamba, ambazo hadi leo bado zinapanda Mlima Elgon na magunia ya kahawa. Wenye nazo wanazipenda sana. Na wengi wao, siku moja, humwambia fundi: ifungulie pumzi.

Kufungua pumzi ni kutoboa boksi la chujio la hewa, au kuliondoa kabisa, ili injini ivute hewa nyingi zaidi, kisha kuirekebisha kabureta ilingane na hewa hiyo. Nusu ya kwanza ya kazi inataka msumeno tu. Ni nusu ya pili inayomtambulisha fundi, na hiyo huwezi kuipima kwa masikio ukiwa umesimama gerejini, kwa sababu boksi likishatoka kila pikipiki inanguruma vizuri, iliyotengenezwa na iliyoharibiwa.

Nililipia funzo hilo kwa pistoni. Nilikuwa na AG100, na fundi mmoja akaling'oa boksi zima, akafunga chujio la koni, akazungusha skrubu moja, akanikabidhi. Mjini ilikuwa tamu ajabu. Jumamosi nikampakia ndugu yangu tukaelekea Kumi. Barabara ile ni tambarare na imenyooka. Unafungua mafuta yote na mkono unabaki hapo hapo. Kabla hatujafika Bukedea sauti ikawa nyembamba, nguvu zikapungua, mara gurudumu la nyuma likakwama. Nilibana klachi, ndiyo maana hatukuanguka. Tulipofungua silinda, pistoni ilikuwa na michirizi mirefu upande wa ekzosi, alumini imepakwa ukutani kama siagi. Plagi ilikuwa nyeupe kama mfupa.

Hewa ilikuwa imeongezwa, petroli ikaachwa vile vile. Kwa hesabu, gramu 1 ya petroli inahitaji gramu 14.7 za hewa ili yote iungue, na injini yenye mzigo inataka petroli zaidi ya hapo, karibu gramu 1 kwa 13 za hewa. Petroli hiyo ya ziada ndiyo inayoipoza. Ikikosekana, injini ya stroki mbili kama ile haikuvumilii: joto linapanda, pistoni inavimba, mambo yamekwisha.

Sasa, ukiletewa pikipiki iliyofanyiwa kazi hii, anza na kitambaa cheupe. Legeza mpira unaounganisha chujio na kabureta, kizungushie kidole kitambaa, ufute ndani, upande ule ambao hewa imeshachujwa. Kikitoka na wekundu wa vumbi la barabara zetu, usiendelee kuuliza habari ya nguvu. Vumbi hilo linasaga ringi na ukuta wa silinda kila dakika injini inapozunguka. Mara nyingi utakuta chujio limekatwa kwenye sponji la godoro. Sponji hilo likilowa petroli linamegeka vipande, na vipande vinaishia ndani ya kabureta. Chujio la sponji la kweli lina matundu yanayofanana na limepakwa oili yake. Likiguswa linanata vidoleni. Honda walipoiunda CG125 katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, walijua itakula vumbi na kupata matunzo haba, na boksi lake limejengwa kwa kujua hivyo. Kwa maoni yangu, fundi anayelitupa bila kufikiri ameanza vibaya, hata kama mengine yote atayapatia.

Kazi ninayoiheshimu zaidi inaliacha boksi mahali pake na kulitoboa juu, chini ya kiti, ambako matope ya gurudumu hayafiki na mvua ya Elgon haiingii. Tazama kingo za tundu: zimepigwa tupa, au zina meno ya msumeno? Kisha chunguza mpira wa kabureta upande wa injini. Washa, iache ingurume taratibu, unyunyizie maji ya sabuni kuuzunguka. Mngurumo ukibadilika, hewa inaingia kwa mlango wa wizi, na marekebisho yote yaliyofanywa juu yake ni kazi bure. Dalili nyingine ni injini inayochelewa kushuka ukiachia mafuta.

Kwenye jeti ndipo ninapotumia muda mwingi. Jeti ni kipande kidogo cha shaba ya njano chenye tundu lililopimwa, na namba imechongwa kichwani. Omba kuiona kwenye jua. Tundu liwe duara safi, lenye kung'aa. Likiwa na mikwaruzo au limekuwa yai, mtu amelipanua kwa waya au sindano, na namba ile sasa inasema uongo. Tena namba za kabureta za Keihin na za Mikuni hazilingani: Keihin hupima upana wa tundu, ilhali zile jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hupimwa kwa kiasi cha petroli kinachopita. Fundi anayekuambia "nimeweka 110" bila kusema 110 ya nani, muulize tena.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Pikipiki kongwe inatoa moshi mweusi ikiwa katikati ya mwendo, nao wanapunguza jeti kubwa, wanapunguza tena, moshi uko pale pale. Jeti kubwa inatawala robo ya mwisho tu ya mafuta. Katikati ni ufalme wa sindano ya kabureta na kijitundu inamopita. Sindano imepanda na kushuka humo kwa miaka 30, imelika. Itoe uishike usawa wa macho: ukiona mkanda unaong'aa ubavuni, hapo ndipo ilipolika. Dawa ni kununua sindano na jeti yake vyote viwili, na ukikosa Mbale utavitafuta soko la Kisekka kule Kampala. Kabureta mpya ya kuiga ni rahisi kuipata, lakini DT yenye Mikuni yake halisi iliyotunzwa siwezi kuibadilisha na mpya tatu za kuiga.

Skrubu ndogo ya ubavuni nayo ina siri yake. Ikiwa upande wa chujio inapima hewa, na kuikaza kunaongeza utajiri wa mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini inapima petroli, na kuikaza kunaupunguza. Anayezungusha bila kutazama iko upande gani anabahatisha.

Nakaloke iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 10. Ukipanda hadi Sipi, zaidi ya mita 1,700, hewa inapungua tena, na pikipiki iliyokuwa sawa tambarare inaanza kulemewa kidogo na petroli, inavuta kwa uzito. Hiyo haiui injini. Balaa ni kinyume chake: iliyorekebishwa Sipi ikaenda vizuri kule, halafu ikateremshwa hadi Kumi na kufunguliwa mafuta yote.

Fundi ninayempelekea zangu siku hizi, swali lake la kwanza ni hilo: inalala wapi, inafanya kazi wapi? Mara ya mwisho alifunga kipande cha plasta nyeupe kwenye mkono wa mafuta, akakichora mistari ya robo, nusu na robo tatu, akaweka plagi mpya na jeti kubwa kuliko alivyotarajia kuhitaji. Tukaenda kwenye barabara ya Kumi. Akafungua yote kwa umbali mrefu, akazima injini na kubana klachi kwa wakati mmoja, pikipiki ikaserereka kimya hadi pembeni. Akatoa plagi kwa kitambaa, akaizungusha mbele ya jua. Nyeusi. Akashuka namba moja, tukarudia. Safari ya nne porseleni ilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, na kivuli cha moshi kwenye ukingo wa chuma.

Tuliporudi gerejini aliinua kiti, akaandika namba ya jeti kwa rangi nyeupe upande wa chini, na kimo alichoiwekea sindano. Kisha akanipa ile jeti ya zamani ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya sigara.