Agiza Spageti ya Nyanya Kwanza

Ukitoka Gataka, huku Rongai, kwenda Karen, ukishavuka Mto Mbagathi, bei ya chakula hupanda kabla hata hujakiona chenyewe. Sina ugomvi na bei. Ugomvi wangu ni kulipia ustadi nikaletewa mapambo: sahani kubwa kama ungo, kijani kimemwagwa juu, na katikati chakula kisicho na ladha. Basi siku ukiamua kwenda mkahawa wa Kiitaliano, ule wa vitambaa vyeupe mezani, acha kwanza kamba wakubwa na nyama zenye majina marefu. Agiza spageti ya nyanya.

Mhudumu huenda akakutazama kama mtu aliyesahau pochi. Mwache. Tambi, nyanya, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, majani mawili matatu ya mrehani: chakula hicho hakina pa kujifichia. Ni kama ugali. Ukiiva vizuri hakuna anayeutaja, ukiwa mbichi meza nzima inajua.

Anza na tambi yenyewe. Tangu mwaka 1967 sheria ya Italia inataka tambi kavu itengenezwe kwa ngano ngumu, wala si ngano laini ya chapati na maandazi. Ndiyo maana tambi nzuri haivurugiki. Iume: nje iwe laini, ndani ikatae kidogo chini ya jino, lakini isiache unga. Hapo ndipo jikoni kwetu pana mtihani ambao Malindi kule pwani hawaujui. Huku tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zilipimwa na mtu wa mabondeni. Mpishi anayefuata saa atakuletea tambi ngumu. Anayeogopa ataiacha mpaka iwe uji. Mpishi wa kweli huvuta uzi mmoja kutoka sufuriani, akautafuna, akaamua. Malindi wana bahati ya maji yao, na ya mazoea pia: Waitaliano wamekuwa wakionekana huko tangu enzi za mradi wao wa anga wa San Marco, uliorusha setilaiti yake ya kwanza kutoka bahari ya Ngomeni mwaka 1967.

Kisha tazama mchuzi. Umeshikana na tambi, au umemwagiwa juu kama mchuzi wa maharagwe juu ya wali? Anayejua kazi huitoa tambi majini ikiwa bado haijamaliza kuiva, akaitia kwenye kikaango cha mchuzi pamoja na upawa wa maji yale yale yaliyoichemsha. Wanga ulio kwenye maji hayo huyaunganisha mafuta na nyanya. Ukimaliza kula, sahani ibaki na alama nyekundu tu. Ukikuta kidimbwi cha maji chini, kazi haikukamilika.

Nyanya ndizo zinazonikera zaidi, kwa sababu hatuna kisingizio. Loitokitok na Kimana, humu humu Kajiado, wanalima nyanya kwa maji ya mifereji na malori yanazishusha Nairobi. Shida ni kwamba nyingi huchumwa zikiwa bado ngumu ili zivumilie safari. Mama mboga anajua kuzipanga dirishani zikasubiri jua. Jiko la mkahawa lenye haraka halisubiri, linaongeza sukari. Utaijua sukari hiyo: utamu unatangulia ulimini, uchachu unabaki kooni. Afadhali waseme wametumia nyanya za kopo kutoka Italia. Kopo zuri si aibu.

Piza ina hukumu fupi. Inua kipande uangalie chini: pawe na madoa meusi yaliyotawanyika, si weupe wa mkate mbichi wala weusi mmoja wa kuungua. Wanaolinda mtindo wa Napoli hutaka oveni iwe na joto kali mno, na piza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Kwa hiyo piza ya mtindo huo ikikawia nusu saa mkahawa ukiwa mtupu, uliza kuna nini. Ukingo uwe umevimba na mwepesi. Ukikulemea tumbo hadi asubuhi, huenda unga haukupewa muda wa kuumuka.

Ukitaka kumtega mpishi, uliza kama karibonara yao ina krimu. Ya Roma haina: ni mayai, jibini ya kondoo, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe. Usiyekula nguruwe uliza mapema, maana menyu nyingine hazisemi. Krimu hutiwa na anayeogopa mayai yasije yakaganda, na woga huo mimi nauelewa, ila asiuite karibonara.

Kitindamlo sikiongelei sana. Tiramisu itangulize ladha ya kahawa kabla ya sukari. Nchi inayouza kahawa duniani haina ruhusa ya kukosea hapo.

Bili isome. VAT ni asilimia 16, ushuru wa utalii asilimia 2, na malipo ya huduma ni uamuzi wa mwenye mkahawa. Uliza kama bei za menyu zilishajumuisha hayo yote, na uulize kabla ya kuagiza.

Spageti ya nyanya ikikupendeza, rudi siku nyingine ule hao kamba. Isipokupendeza, lipa kwa adabu, vuka mto urudi Rongai. Nyama choma bado iko motoni.