Ustadi wa Nchi Tambarare

Aliyezoea kupima ustadi wa mpanda baiskeli kwa milima atautazama ukingo wa mto Schelde, kaskazini mwa Ubelgiji, aone hapana kazi. Kati ya mji wa Dendermonde na bandari ya Antwerpen hakuna kilima cha kumtoa mtu jasho. Kuna mto wa maji ya kahawia, tuta la udongo lililoota nyasi, na njia iliyopita juu yake. Upande wa pili wa tuta kuna malisho na mashamba yaliyo chini kuliko mto wenyewe maji yanapojaa. Nchi hizo, zilizopokonywa mto kwa matuta na mifereji, huitwa polda. Magari hayana ruhusa kwenye njia ya tuta, na mtu anaweza kukaa kwenye tandiko nusu siku asisikie honi.

Mimi nashikilia kwamba ni hapa ndipo inapojulikana nani anaijua baiskeli. Mlima ni mkali, lakini hulipa deni lake: uliyepanda utashuka, na katika kushuka miguu itapumzika bure. Tambarare haina malipo ya namna hiyo. Ukiacha kukanyaga, unasimama. Basi ajuaye na asiyejua hutofautiana kwa mambo madogo ambayo mtazamaji wa kando hayaoni kabisa.

La kwanza ni upepo uliomo ndani ya tairi. Waliolelewa kwenye lami hujaza mpaka tairi likatae kidole, wakidhani ugumu ndio mwendo. Kwenye changarawe mambo hugeuka. Tairi gumu likikutana na kokoto huruka, na kila kuruka ni nguvu iliyokwenda juu badala ya kwenda mbele. Tairi pana, la milimita 40 hivi, likitiwa upepo wa baa 2 na ushei kwa mtu wa uzito wa kawaida, hubonyea, likaimeza kokoto na kuendelea na safari yake. Ukizidisha kulegeza, rimu itagonga jiwe na tyubu itapasuka. Siku hizi wengi wameiondoa tyubu kabisa na kumimina ndani ya tairi utomvu unaoziba tundu papo hapo. Hata hivyo utomvu haumfundishi mtu kipimo. Kipimo hupatikana kwa kidole gumba na sikio: bonyeza, nenda, sikiliza, punguza kidogo. Mvua ikinyesha, punguza tena kidogo.

Maana changarawe ya huku ina tabia mbili. Mara nyingi ni dolomaiti, jiwe la kijivu lililosagwa na kushindiliwa. Likiwa kavu hutoa vumbi jepesi na kuvuma chini ya tairi kwa sauti ya kupendeza. Likilowa, juu hugeuka uji huku chini pamebaki pagumu, na gurudumu la mbele huanza kutafuta njia yake lenyewe. Wala si safari nzima iliyo ya changarawe. Tuta limetiwa lami kwa kilomita kadhaa, kisha zege, halafu unashuka ndani ya polda na kukuta kijia cha udongo kati ya mierebi. Mikono lazima ijue mabadiliko hayo kabla ya kichwa. Viwiko vikunjwe kidogo, na usukani ushikwe kama ashikavyo mtu kifaranga, asikibane wala asikiachie. Breki hushikwa kabla ya kona, haishikwi ndani yake. Kanyagio la nje liwe chini, limebeba uzito, na macho yatangulie kule unakotaka kutokea. Anayelitazama jiwe ataligonga.

Kulegea kwa kipimo, basi, ndiyo siri ya tairi na ya viwiko. Ajabu ni kwamba tuta lenyewe linaishi kwa siri hiyo, na lilijifunza kwa taabu.

Schelde huanzia Gouy, kaskazini mwa Ufaransa, na huenda kilomita 350 hivi hadi kuingia baharini upande wa Uholanzi. Ila bahari nayo huingia mtoni: maji hujaa na kupwa mpaka Gent, mwendo wa kilomita 160 hivi kutoka mdomoni. Mtu wa Unguja, aliyezoea bamvua la karibu mita 4, hatapata shida kuelewa mto ambao mbele ya Antwerpen hupanda na kushuka zaidi ya mita 5 mara mbili kwa siku. Tarehe 3 Januari 1976 dhoruba iliisukuma Bahari ya Kaskazini mtoni, matuta yakavunjika, na kijiji cha Ruisbroek kikazama. Mwaka uliofuata serikali ikatoa Mpango wa Sigma, uliopewa jina la herufi ya Kigiriki kwa ajili ya S ya Schelde. Sehemu kubwa ya mpango ilikuwa ile ambayo mtu yeyote angeifikiria: inua matuta, yatie nguvu. Sehemu nyingine ilihitaji ujasiri zaidi, nayo ilikuwa kushusha tuta.

Nenda Kruibeke ukaione. Hapo zipo hekta 600 hivi za polda zilizotolewa kwa mto. Tuta la kando ya maji limepunguzwa kimo kwa makusudi, na nyuma kabisa, upande wa vijiji, limejengwa tuta jingine refu zaidi. Dhoruba ikija pamoja na bamvua, mto unamwagika juu ya tuta fupi na kuijaza polda, na maji yanayotishia Antwerpen yanapungua kimo. Yakipwa, milango ya chini inafunguliwa na polda inajitoa maji yenyewe. Hata siku za kawaida mto huruhusiwa kuingia kidogo kupitia milango ya juu, jambo lililojaribiwa kwanza mwaka 2006 kwenye kipande kidogo kiitwacho Lippenbroek, huko Hamme. Ndiyo maana ukipita leo unaona tope linalong'aa, matete, bata bukini na korongo, mahali palipokuwa na malisho. Wakulima waliopoteza ardhi hawakufurahi, na sina haki ya kuwalaumu. Lakini mhandisi aliyekubali kuliacha tuta liwe fupi ninampa heshima ile ninayompa fundi wa tairi.

Juu ya tuta hakuna pa kujificha na upepo, na huo ndio mlima wa nchi hii. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Huku upepo wa kawaida hutoka kusini-magharibi. Mwenye busara huanzia Antwerpen, akaukabili angali na nguvu, kisha akarudishwa nao jioni. Hata hivyo mto umejikunja sana, na upepo uliokuwa usoni baada ya kona moja huwa ubavuni. Wapanda baiskeli wa Ubelgiji na Uholanzi ni mabingwa wa kujipanga mshazari katika upepo wa ubavuni, kila mmoja akijibanza kwenye kivuli cha mwenzake. Mbinu hiyo iachwe kwa mashindano, kwa sababu inamaliza upana wote wa njia.

Na njia hii ina wenyewe wengi. Zamani ilikuwa ya watu na farasi waliovuta majahazi kwa kamba kupanda mto. Sasa ina wazee kwenye baiskeli za umeme, watoto wanaojifunza, wavuvi na mishipi yao. Magari yakishaondoka, mpanda baiskeli ndiye anayekuwa gari, na wapo wasiokijua cheo hicho: hupita vichwa chini siku ya Jumapili, wakimwacha bibi wa watu anatetemeka kando. Hao wana miguu, ustadi hawana. Kengele ipigwe mapema, mwendo upunguzwe, na salamu itolewe.

Hakuna haja ya ramani. Katika miaka ya 1990 mhandisi wa migodi wa mkoa wa Limburg, Hugo Bollen, alianzisha utaratibu wa kuipa kila njia panda ya baiskeli namba yake, kwa kufuata namna njia za chini ya ardhi zilivyotambulishwa mgodini. Andika namba zako kwenye karatasi, ibandike kwenye bomba la baiskeli, uende. Utaratibu huo umeenea sana Ubelgiji na Uholanzi.

Nikitazama watu wanavyonunua baiskeli ya bei kubwa ili waitafute changarawe, huwa nacheka kimoyomoyo. Kwetu anayebeba madumu ya maji au gunia la mkaa hakuulizwa kama anaipenda njia ya vumbi. Labda ndiyo sababu Mkenya Sule Kangangi aliona kwamba mashindano ya changarawe ni uwanja ambao Waafrika Mashariki wana cha kusema. Alikuwa nahodha wa Team Amani, na alifariki mwaka 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani.

Kutoka Kruibeke kivuko kinakupeleka Hoboken bila nauli. Maji yakiwa yamekupwa, daraja la kushukia gatini huinama sana, kwa hiyo teremka na uishike baiskeli. Ng'ambo kuna kiwanda cha kusafishia madini, na kwa miaka mingi shaba ya Katanga ililetwa hapo kwa meli. Msomaji wa Lubumbashi ana sababu yake ya kuutazama mto huu, na si ya matembezi. Mimi pia siwezi kupita hapo nikatazama maji peke yake.

Ukifika nyumbani usiiache dolomaiti ikakaukia kwenye baiskeli, maana ikishika hugeuka saruji na mchanga wake huusaga mnyororo na meno ya gia. Mwaga maji mengi yasiyo na kasi, usielekeze bomba kwenye beringi, pangusa mnyororo kwa kitambaa, tia mafuta tone kwa tone, kisha pangusa yaliyozidi. Kabla ya kulala, pima upepo wa tairi kwa kidole.