Kishoka Hakikumtoa Brian Msituni

Riwaya ya Hatchet, yaani kishoka, iliandikwa na Mmarekani Gary Paulsen na kuchapishwa mwaka 1987. Inamhusu Brian Robeson, mvulana wa miaka 13 anayesafiri kwa ndege ndogo kwenda kumwona baba yake Kanada. Rubani anafariki angani kwa mshtuko wa moyo, ndege inaanguka ziwani, na Brian anaishi msituni siku 54 akiwa na kishoka alichopewa na mama yake.

Niliisoma mwaka jana kwa sababu ya kazi. Familia kadhaa za Wamarekani wanaosomesha watoto wao nyumbani zilifanya ziara ya siku mbili kando ya Ziwa Bunyonyi, nami nikawa mkalimani wao. Watoto walikuwa wameisoma riwaya kwanza, kisha wakaja kujifunza kuwasha moto, kujenga kibanda cha matawi na kuchemsha maji ya kunywa.

Sifa kubwa ya Paulsen ni kwamba hawadanganyi watoto. Brian anakula matunda asiyoyajua na kutapika. Kishoka kinatoa cheche kikigonga jiwe, lakini cheche zinazimika mpaka anapopata nyuzi laini za maganda ya mti na kukumbuka kwamba moto unahitaji hewa. Nilipowaona watoto wetu wamelaza mashavu chini wakipuliza, macho yakiwatoka machozi kwa moshi, nilikubali kwamba kitabu kimewafundisha subira.

Siku ya pili mvulana wa miaka 10 alikwenda kutafuta kuni, asirudi. Tulimtafuta kwa muda wa saa tatu. Mama yake aliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Hatimaye mzee mmoja alimleta akiwa amemshika mkono. Mtoto alikuwa amevuka vilima viwili, akapita mbele ya akina mama waliokuwa wakilima viazi, asiwaulize kitu. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu: "Brian hakuwa na mtu wa kumwuliza."

Jibu hilo lilinirudisha kitabuni. Ukisoma kwa makini, Brian hajiokoi peke yake. Kishoka ni zawadi ya mama. Katika hofu ya kwanza anakumbuka maneno ya mwalimu wake, Perpich. Anabaki karibu na ziwa kwa sababu anajua anatafutwa. Mwishoni anatoa mfuko wa dharura katika ndege iliyozama, anabonyeza swichi ya redio bila kujua kama inafanya kazi, na rubani anayenasa ishara anashuka kumchukua. Lakini mwandishi, aliyetupa sura nzima ya moto, anaupitisha uokoaji huu haraka. Wakri, wenyeji wanaowinda katika misitu hiyo, wanatajwa kwa kupita tu mwishoni. Msomaji mdogo anafunga kitabu akiamini kwamba porini hakuna watu.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni riwaya tu, na upweke ndio moyo wake. Nakubali. Paulsen hakuahidi kuandika mwongozo. Lawama ni yetu tuliokifanya kitabu chake kuwa somo bila kuongeza kilichokosekana: ukipotea, kaa ulipo, piga filimbi, ukimwona mtu, msalimie. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto majina ya miti kwa Rukiga, nisiwafundishe kusema "nimepotea". Kwetu kumpita mtu shambani bila kumsalimu ni utovu wa adabu. Siku ile nilielewa kwamba salamu hiyo ingempunguzia mama saa tatu za kilio.

Nawashauri wazazi na walimu waendelee kuisoma Hatchet pamoja na watoto. Ila wakifika mwisho, wasimame kwenye ile redio na wawaulize watoto: nani hasa aliyemtoa Brian msituni?