Musisafishe krayoni: juu ya picha za kutisha

Wandugu, vijana wengi siku hizi wanachora picha za kutisha na krayoni, wanapiga skana, kisha wanatia rangi ku ordinatere. Krayoni iko bien. Rangi njo inaua. Mtu anafuta alama zote za vidole, anajaza damu kila pembe, macho yanawaka kama taa za pikipiki. Nani ataogopa?

Muangalie Wytches, BD ya Marekani ya 2014. Scott Snyder aliandika, Jock akachora, Matt Hollingsworth akatia rangi. Kule mistari ni ya wino, lakini somo ni lile lile: Hollingsworth alirusha rangi ku karatasi kwa mkono, akapiga skana, kisha akalaza yale madoa juu ya kurasa ndani ya programu. Uchafu unafunika nyuso na miti. Huoni vizuri ni kitu gani kiko kule msituni, njo maana unakaza macho. Kurasa zingine amezidisha, msomaji anachoka. Hata hivyo, woga unabaki.

Kwa krayoni ni rahisi: mchoro tabaka ya juu, rangi chini yake, na programu ifanye nyeupe ya karatasi ipitishe rangi kama kioo. Kila chembe ya krayoni itabaki. Rangi mbili za kufifia zinatosha. Sisi wa agronomia tunajua vile jani la muhogo lenye mozaiki linatisha kwa njano tu. Mwenye hana skana apige foto mchana, karibu na dirisha. Kivuli chenye kitaingia, akiache.