Mfungwa Akirudi: Naivasha katika Maandishi ya John Kiriamiti

Fasihi ya kifungo nchini Kenya imehakikiwa kwa mizani miwili. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu za kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972, alitoka gerezani na tungo za Sauti ya Dhiki (1973), na diwani hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Kwake kifungo kimehesabiwa kuwa sifa. John Kiriamiti, aliyehukumiwa miaka 20 mwaka 1971 kwa kosa la unyang'anyi na kufungwa Naivasha, amewekwa katika kapu la fasihi pendwa, asomwe kwa burudani tu. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo hautokani na ubora wa kazi peke yake. Kwa kiasi fulani ni sura ya kitaaluma ya shaka ileile inayomkabili mfungwa anapotoka gerezani na kuelekea mjini Nakuru kutafuta kibarua.

Shaka hiyo imo katika lugha yenyewe. Aliyemaliza kifungo huitwa "mfungwa wa zamani": kivumishi kinamwachilia, lakini nomino inaendelea kumfunga. Methali nayo huonya kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Mwajiri anayedai cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi anaitekeleza methali hiyo kwa karatasi.

Katika My Life in Crime (1984), kitabu kilichotoka mwaka uleule mwandishi alipoachiliwa, usimulizi wa nafsi ya kwanza unamvuta msomaji awe upande wa mhalifu. Msomaji hukimbia pamoja naye na kuomba asikamatwe. Hapa pana kinaya: umma uliomshangilia jambazi kitabuni ndio unaosita kumpangisha chumba aliyekwisha kulipa deni lake.

Hata hivyo, haitoshi kuukemea umma. My Life with a Criminal (1989) inampa usemi Milly, mwanamke aliyempenda mtu huyo bila kujua kazi yake halisi. Matukio yaliyokuwa ushujaa katika kitabu cha kwanza yanageuka udanganyifu nyumbani. Kwa kubadilisha nafsi ya msimulizi, Kiriamiti anakiri kwamba hofu ya jamii ina chimbuko, na kwamba imani iliyovunjwa hairejeshwi kwa amri ya hakimu wala kwa ufunguo wa askari jela.

My Life in Prison (2004) inakamilisha hoja. Mhalifu aliyekuwa mwepesi wa kukimbia sasa anasimulia muda usiokwenda. Dhamira inahama kutoka kitendo hadi mtendaji, na msomaji analazimika kumtazama mtu aliyebaki baada ya kosa kuhukumiwa.

Vikisomwa pamoja, vitabu hivi vitatu vinaonyesha kwamba kurejea kwa mfungwa kunahitaji sauti tatu: ya aliyekosa, ya aliyeumizwa na ya muda uliotumikiwa. Umma hupenda ya kwanza, huikumbuka ya pili inapofika zamu ya kuajiri, na ya tatu huipuuza. Wahakiki nao wamefanya vivyo hivyo. Mhakiki anayeidai jamii ya Nakuru na Naivasha impokee aliyefunguliwa hana budi kwanza kumpokea katika silabasi yake, na kumsoma kwa ukali uleule anaowasomea wafungwa wenye heshima.